Vipande Viwili Kutoka Mwanza

Bariadi,
18 Agosti 2024

Kwako kaka yangu Ndalahwa,

Mwadila, kaka. Mimi ni mzima wa mwili, na natumaini barua hii itakukuta wewe, wifi Harieth na watoto mkiwa salama huko Songea. Je, baridi imepungua? Binti yako Goodness aliniambia kwamba mwezi wa saba kifua kilikusumbua tena hadi ukakosa kwenda kazini siku mbili. Nitafurahi kusikia umepona. Huku jua ni kali, pamba imekwisha kuuzwa, malori yamepungua barabarani, na vumbi la mjini ni lile lile unalolijua. Mama hajambo, ila hayupo tena kwangu. Amerudi Nkololo wiki mbili zilizopita. Sababu yake utaiona humu ndani.

Utajiuliza kwa nini nimeandika wakati simu ipo. Nimejaribu simu mara tatu. Mara ya mwisho ulipokea, ukaniuliza kuna nini, nikasema nimepiga kukusalimu tu. Niliona kuwa nikisikia sauti yako nitageuza maneno. Kwa hiyo bahasha hii nimempa Joyness, mwenzangu wa kwaya, ambaye amehamishiwa kazi huko kwenu, akukabidhi mkononi. Naomba uisome ukiwa peke yako, na uifikishe mwisho kabla ya kunipigia.

Nianzie mbali kidogo. Unaikumbuka kompyuta ya mezani uliyomletea baba mwaka aliostaafu ualimu, ofisi yenu ilipokuwa ikibadilisha vifaa. Wewe ulidhani ataichezea karata. Wiki ya pili akaanza kuandika koo za Nkololo: nani alizaa nani, walitoka upande gani, mwaka gani walihamia, nani amezikwa wapi. Miaka minane alizunguka kwa baiskeli kuwauliza wazee na bibi vikongwe, akirudi anakaa mezani na kuandika kwa vidole viwili. Unajua watu walivyokuwa wakimjia. Kabla ya posa walifika nyumbani wakauliza kama vijana wao ni ndugu, naye anafungua, anatafuta, anawaambia. Hakuna aliyewahi kurudi kusema mwalimu Bujiku alikosea.

Mwaka juzi, mwezi wa kumi, alinipigia akasema kompyuta imekuwa nzito. Alikuwa ameongeza picha za wazee kwenye kazi yake, na sasa akiandika jina moja anasubiri hadi anasahau la pili. Alisema hivyo akicheka. Nikaenda, nikaifungua nyuma, nikaona tatizo ni dogo. RAM yake ilikuwa ndogo. RAM ni vile vibao vyembamba ambako kazi hukaa wakati unaiandika, kabla haijahifadhiwa. Nikasoma maandishi yake, nikaangalia nafasi ya kuvichomekea, nikamweleza baba kwamba mashine yake ni ya zamani, haipokei aina za sasa, na hata ukiipa nyingi inakubali kiasi chake tu. Inataka vipande viwili vya aina moja na kasi moja. Nikamwambia pia kwamba aina ile haitengenezwi tena, kwa hiyo vyote vilivyopo sokoni vimetolewa kwenye mashine za watu wengine, na ndiyo maana mtu hanunui popote tu. Wapo wanaobandika karatasi mpya juu ya kitu kilichokufa. Mimi nanunua kwa Anatoli wa Mwanza, ambaye kila kipande hukipima siku nzima na kuandika tarehe ya kupima kwenye karatasi ya gundi. Baba alinisikiliza kama alivyokuwa akisikiliza wanafunzi wake wazuri. Akasema, "Basi, mayu, mama yangu, mimi nitasubiri hivyo vya Anatoli. Kazi hii si ya kubahatisha."

Anatoli akatuma vipande viwili kwa basi. Novemba, siku ya Jumamosi, nikaenda Nkololo, nikaweka, kompyuta ikawaka haraka kuliko ilivyowahi kuwaka. Mama akachinja kuku. Baba akakupigia palepale mbele yangu kukuambia kwamba mdogo wako ameifufua mashine. Nadhani unaikumbuka simu hiyo.

Yaliyofuata unayajua, ila nayaandika yote kwa sababu nataka uyaone kwa mpangilio wake.

Krismasi ilipopita, baba alianza kukuta makosa kwenye kazi yake. Herufi moja hapa, tarakimu moja pale. Akirekebisha leo, kesho anakuta jingine mahali ambapo ana hakika alipaandika vizuri. Mama anasema alianza kuandika kwanza kwenye vipande vya karatasi, kisha kwenye kompyuta, ili ajipime mwenyewe. Siku ya pili anaweka karatasi pembeni ya kioo, analinganisha, anakuta karatasi inasema hivi na kompyuta inasema vingine. Akamwita mama amsomee, mama akathibitisha kuwa havifanani. Akamwambia mama kwamba mikono yake imeanza kuandika kitu tofauti na kile kilicho kichwani.

Hakukuambia wewe. Mimi aliniambia, kwa simu, nikiwa dukani na wateja. Aliniuliza, "Violeth, haiwezi kuwa ni mashine?" Nikamjibu, "Baba, mashine haikosei. Inaandika kile unachoiandikia." Akasema sawa, akaniuliza habari za wateja.

Kisha ikaja Februari, posa ya Goodness. Ulikuwepo, na najua hupendi kukumbushwa. Wale wageni wa Lamadi walikuwa wamekaa upande wa zizi, wazee wetu upande wa nyumba, na baba akasimama na karatasi zake alizochapa, asome ukoo wetu ili waone kuwa hakuna kizuizi. Akasoma babu yake mwenyewe anaitwa Sanu. Wazee wakamwambia ni Salu. Akaangalia karatasi, akasema ndiyo, Salu, akaendelea. Akasoma kwamba shangazi yetu mkubwa alizaliwa mwaka 1974, na mwanawe mwaka 1971. Vijana wa Lamadi wakacheka. Baba mdogo Mabula akamwondolea karatasi mkononi, taratibu, kama unavyomwondolea mtoto kisu. Baba akakaa chini, akavua kofia, akaiweka magotini. Wewe ukasimama ukawaomba wageni radhi, ukasema mzee wetu umri umemwendea, akili haiko kama zamani, wasimhesabie. Ulisema kwa upole. Mimi nilikuwa nimebeba sinia la chai, nikaona kuwa umefanya la maana.

Mwezi wa tatu tulimpeleka hospitali. Daktari alimuuliza tarehe, akamuuliza majina yetu, akampa hesabu ndogo. Baba alijibu yote sawasawa, lakini polepole mno, na kila jibu alinitazama mimi kwanza kama anauliza ruhusa. Daktari akasema haoni jambo kubwa, ila kama sisi watoto tunaona amebadilika, basi tumwangalie, huenda ni mwanzo. Sisi tukaondoka na lile neno mwanzo. Mwezi wa sita, kwa shauri lako na langu, ng'ombe wakaenda kwa baba mdogo, baiskeli akapewa kijana wa jirani, nyumba ikafungwa, na wazee wakaja kukaa kwangu Bariadi ili baba asije akapotea njiani.

Hukuishi naye miezi ile, kaka, kwa hiyo hukumwona. Alikaa barazani akitazama bodaboda. Watu wa Nkololo waliokuja mjini walipita kumsalimu, na wengine bado walimuuliza mambo ya koo. Alikuwa akiwaambia waende kwa Mabula, au kwa mzee mwingine, kwa sababu yeye ameshachanganyikiwa. Aliwaambia bila hasira, kama mtu anayekuelekeza njia. Padri alipomwomba aendelee kuwasomea wenzake masomo ya Jumapili, alikataa, akasema anaweza kusoma neno ambalo halipo. Jina la mtu aliacha kulitaja kabisa hadi mwingine alitaje kwanza. Hata mimi alikuwa akiniita "wewe mama" mbele ya wageni. Nilidhani amesahau jina langu. Sasa najua aliogopa kulikosea.

Mei mwaka huu mapafu yakajaa, na baada ya siku tisa akaondoka. Ulikuja, ukamzika, ukazungumza vizuri makaburini. Ulisema Mungu alianza kumchukua kidogo kidogo kabla ya siku yake. Watu waliitikia, na mimi niliitikia.

Sasa nifike nilipokuwa nikipakimbia.

Kaka, vile vipande viwili vya Anatoli havikufika kwa baba.

Viliwasili Ijumaa asubuhi, vikiwa na tarehe ya kupimwa na saini yake. Mchana huo huo akaja Constantine, yule anayeshughulikia vifaa katika ofisi moja hapa mjini. Kompyuta yao ya zamani ilikuwa imezima, wana wageni Jumatatu, na taarifa yote imo ndani. Aina ilikuwa ile ile ya baba. Akaniambia nikimwokoa siku hiyo, mashine zote za ofisi yao zitakuwa zinakuja kwangu. Nikachukua vya baba nikaweka kwake. Zilikuja kweli, na bado zinakuja.

Ningeweza kumpigia baba nikamwambia asubiri wiki moja. Alikuwa tayari amesema atasubiri. Lakini nilikuwa nimeshamwahidi Jumamosi, na sikutaka aone kuwa nimeshindwa. Dukani nina kopo la vifaa vilivyotolewa kwenye mashine zilizokufa. Nikachagua viwili vinavyofanana kwa umbo. Kimoja nilikijua kilikotoka. Cha pili sikukijua, na hadi leo sikijui. Kuna programu ya kupima, ninayo kwenye flashi, inachukua saa kadhaa tu. Kila mteja ninayemwekea kitu cha zamani nampimia. Siku ile sikupima. Niliwasha mara moja, ikawaka, nikasema inatosha, ni ya baba tu, ni ya kuandikia majina. Nikakimbilia gari la Nkololo.

RAM mbovu haizimi kompyuta kila mara. Wakati mwingine inabadilisha tu. Unaandika herufi moja, inapokaa pale kabla ya kuhifadhiwa inageuka nyingine, na wewe ukihifadhi unahifadhi ile iliyogeuka, hata kwenye kurasa za zamani ulizozifungua tu. Ile herufi l ya Salu inakuwa n. Ile 5 ya 1954 inakuwa 7. Mtu hawezi kuona hadi arudi kusoma. Baba alirudi kusoma kwa sababu alikuwa mwalimu.

Nilijua lini? Hili ndilo gumu. Nilijua Oktoba mwaka jana, miezi saba kabla hajafa. Kompyuta yake ilikuwa imekaa kona ya chumba bila kazi, nikaipeleka dukani initumikie kuchapia. Ikawa inaniharibia barua za wateja kwa namna ile ile. Jumapili moja, mlipokuwa mmewapigia wazee simu ya kuwasalimu baada ya ibada, mimi nilikuwa dukani nimewasha ile programu ya kupima. Kioo kilijaa mistari myekundu. Nilikaa nikaitazama hadi ikamaliza. Kisha nikatafuta flashi ambayo baba alikuwa amenipa nimtunzie nakala, ya kabla ya Novemba ile, nikalinganisha. Kwenye nakala ya zamani, Salu ni Salu. Shangazi amezaliwa 1954. Nilisoma kurasa arobaini, sikukuta kosa hata moja. Makosa yote yalianza baada ya mkono wangu.

Nikatoa vile vipande viwili, nikaagiza vingine kwa Anatoli, nikavipima mwenyewe siku mbili, nikairudisha kompyuta nyumbani. Nikamwambia baba nimeisafisha, sasa iko vizuri, aje aandike. Alikuja. Akavaa miwani, akafungua ukurasa wa mwisho aliouandika Nkololo, akasoma mistari kama mitano hivi, akakuta jina la rafiki yake limekosewa. Akavua miwani, akaikunja. Akasema, "Hapana, mayu. Watakaokuja nyuma watasoma uongo wangu, waamini. Izime." Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti chake. Maneno yote yalikuwa mdomoni. Nikazima.

Nilijiambia nitamweleza kesho. Kesho yake nikakumbuka ng'ombe wameshaenda kwa baba mdogo, na wewe ulishawaomba wageni radhi, na mimi ndiye niliyemwambia kwamba mashine haikosei. Nikaona nikisema, nitakuwa nimebomoa nyumba ya kila mtu. Hivyo ndivyo nilivyojidanganya, lakini ukweli ni kwamba niliona aibu. Niliona ni rahisi baba awe mgonjwa kuliko mimi kuwa mkosaji. Miezi saba, kaka. Nilimpikia uji kila asubuhi, nikamwogesha alipozidiwa, na kila siku nilikuwa na sentensi moja ambayo ingemrudisha kwenye baiskeli yake. Siku ya nane ya ugonjwa aliniomba radhi kwa kunisumbua na kichwa chake. Nikamwambia asiseme hivyo, apumzike. Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake.

Kazi yake pia imeumia. Yale ya zamani yako salama, na hayo nimeshayarudisha. Lakini baada ya Novemba aliongeza watu mia mbili na kumi na wawili, na wengi aliwapata kwa wazee ambao nao wamefariki. Vipande vyake vya karatasi mama aliviwashia moto tulipofunga nyumba, kwa sababu tulimwambia ni takataka. Kwa hao, sijui lipi ni sahihi na lipi limegeuka. Hakuna wa kumuuliza.

Mwanzoni mwa mwezi huu nilimwambia mama. Nilipiga magoti jikoni nikasema yote kama nilivyoyaandika hapa. Alikuwa akichambua choroko, na aliendelea kuchambua hadi nikamaliza. Kisha akaniambia, na nakuandikia kama alivyosema: "Nimekaa na mwanaume yule miaka arobaini na tisa. Hakuwahi kuniita kwa jina la mtu mwingine, hakuwahi kukosa mlango wa nyumba yake. Mimi niliona kuwa hajapotea. Ninyi wenye shule mkaniambia amepotea, nikawaamini ninyi, nikamwacha yeye peke yake." Hakunipiga, hakulia mbele yangu. Asubuhi akafunga nguo zake akaomba nimtafutie gari. Nimeenda Nkololo mara mbili tangu hapo. Ananikaribisha, ananipa maji ya kunywa, tunakaa. Chakula changu hali.

Ameniambia jambo moja tu la kufanya, na nimekubali. Jumapili ya tarehe 29 Septemba, baada ya misa, wazee wa ukoo watakaa pale pale nyumbani. Amewaita mwenyewe, na amemtumia salamu baba mdogo Mabula awepo. Mimi nitasimama niseme mbele yao kwamba mwalimu Bujiku hakuwa amechanganyikiwa, na nitasema nini kilitokea na nani alikifanya. Nimeandika pia kwa wale wa Lamadi, maana sasa ni wakwe zetu, na baba yao amejibu kwamba atakuja.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Sijui kama naweza kuliomba hilo, na kama ningekuwa wewe nisingejua la kujibu. Nakuomba uje. Wewe ulisema kwa kutojua, na ulisema kwa sababu ulimwamini mdogo wako anayejua mashine. Hilo nitalitamka wazi, ili lisibaki kwako. Lakini uliyasema ukiwa umesimama mbele ya watu wale, na mama anataka wakuone umesimama tena.

Msalimie sana wifi Harieth, umwambie kitenge alichoniagiza nimekipata, nitakituma kwa basi. Wabusu watoto. Goodness usimweleze kabla hatujakutana, tafadhali. Alimpenda sana babu yake na alilia siku ile ya posa kwa aibu, nataka ayasikie kutoka mdomoni mwangu. Baba mdogo anakusalimu, bado hajui. Mama anamsalimu mkeo, anawasalimu wajukuu wote mmoja mmoja kwa majina. Nilimuuliza nikuandikie salamu gani wewe. Alifikiri, akasema atakusalimu ukifika.

Ni mimi mdogo wako,
Violeth Bujiku